Mkwe Aliyengoja Nje

Mkitaka kujua kama wachumba wawili wataweza kuishi pamoja, msiwakalishe kwenye viti mkaanza kuwahoji. Wapeni mahindi wapukuchue. Mimi nilikuwa natandika mkeka uani, namwaga mahindi katikati, naweka ungo, halafu naanzisha habari za mvua. Mtu akiwa na kazi mikononi, mdomo wake unasahau kujipamba. Utaona nani anamchagulia mwenzake mahindi laini na nani anamsukumia yale magumu. Utasikia nani anamjibia nani. Ukimwuliza msichana swali akajibu mvulana, nyamaza. Akijibu tena, mtume mvulana akachote maji, ubaki na mwenye swali lake.

Hilo sikulisoma popote. Nililiona tu siku moja nilipokuwa na mahindi mengi na wachumba wamekuja bila taarifa.

Mmenifuata hapa nyumbani, wajukuu zangu, ninyi mnaojifunza ukatekista, mkataka niwaambie kazi ilikuwaje. Jina langu ni Skolastika, lakini hapa Itigi wote wananiita Mwalimu Skola, hata walevi wa sokoni ambao sijawahi kuwafundisha kitu. Nilifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, nikafundisha watu wazima waliotaka ubatizo, na nikaandaa wachumba. Watoto walinipa furaha. Wachumba walinipa mvi. Leo nikikaa hapa kibarazani nikahesabu baraka zangu, naona nyingi zilitoka kwa hao wa mvi.

Ninyi leo mna semina za ndoa, mnaonyeshwa picha ukutani kwa umeme, mnapewa soda na sambusa. Ni vizuri, siwaonei wivu, ila sambusa na mimi ningependa. Sisi tulikuwa na mkeka, na Padre Anselmi, Mnyiramba mmoja mwembamba aliyekuwa akipanda pikipiki kama anayepanda punda mkorofi. Yeye ndiye aliyenifunza. Nilipoanza, aliniletea wachumba wangu wa kwanza wa dini mbili, msichana Mkatoliki na kijana Mwislamu. Mimi nikajifanya naijua kazi, nikamwambia kijana, "Wiki ijayo njoo na cheti chako cha ubatizo." Maskini, akaitikia. Wiki ijayo akaja na kadi ya kliniki, imekunjika, ina madoa ya mafuta.

"Mwalimu, nimetafuta nyumba nzima," akasema. "Karatasi yangu ya zamani kuliko zote ni hii."

Padre Anselmi aliipokea ile kadi kwa mikono miwili, akaisoma yote. "Naona surua ulichanjwa vizuri," akamwambia. Kijana alipotoka, akanigeukia. "Skola, mtu usimdai asichokuwa nacho. Mwulize alichonacho."

Basi nikajifunza kuuliza. Msidhani ndoa za namna hii zilikuwa chache kwetu. Huu ni mji wa reli. Treni ilileta Wagogo, Wakimbu, Wanyamwezi, na sisi Wanyaturu tulioteremka kutoka upande wa Singida. Kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli mlikuwa mnagawana ukuta. Huku wanasali rozari, huku wanasoma Kurani, na kisamvu kinanukia kilekile pande zote mbili. Watoto wamecheza pamoja, wamekwenda shule pamoja, wamechapwa na mwalimu mmoja. Wakikua wakapendana, utashangaa nini?

Kwa hiyo niliuliza mambo ya jikoni, maana imani inaishi jikoni zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Kwaresima na Ramadhani mtapikaje? Nani atachinja kuku? Mjomba akija na nyama ya nguruwe, itapikwa kwenye sufuria gani? Halafu nikauliza lile ambalo wachumba wote hulikimbia: mmoja akifa, nani atamzika, na kwa ibada gani? Wengine walikasirika. "Mwalimu, sisi tunataka kuoana, wewe unatuzika!" Nikawaambia, heri mgombane leo mkiwa na mahindi mikononi kuliko kugombana siku hiyo mkiwa na maiti ndani.

Sasa niwasimulie ya Veronika na Ramadhani, maana hawa ndio waliofanya niipende kazi hii mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya kupanga foleni yakajaa vitu mpaka mlangoni. Mitumba ikamwagwa sokoni. Mfanyabiashara mmoja akaleta mashine ya kukamua alizeti, na fundi wa kuitunza alikuwa Ramadhani, kijana wa hapahapa aliyekwenda Singida mjini akajifunza kuchomelea vyuma. Alikuwa mrefu, mpole, ana alama za cheche kwenye mikono. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa mjane na yeye ndiye mtoto wake pekee wa kiume.

Veronika alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye baraza jirani na ile mashine. Siku moja mguu wa cherehani yake ulikatika, akampelekea Ramadhani auchomelee. Ukakatika tena wiki hiyohiyo, akaurudisha. Ukakatika tena. Fundi gani huyo? Lakini Veronika hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo mama yake aliposhtuka.

Tatizo lilikuwa baba. Mzee Damiani alikuwa mnyapara wa genge la reli, mtu wa kutembea juu ya mataruma tangu alfajiri akikagua njia, na sauti yake ilikuwa ya kushindana na injini. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Aliheshimika, na alijua anaheshimika. Ramadhani alipotuma washenga, aliwasikiliza vizuri, akawapa na togwa, halafu akasema, "Kijana hana ubaya. Abatizwe kwanza, ndipo tuongee."

Upande wa pili nako hakukuwa na amani. Zilikuwa siku za vipaza sauti. Wahubiri walikuja kwa treni, wa Kikristo na wa Kiislamu, kila mmoja na meza yake sokoni, kila mmoja anamsomea mwenzake kitabu chake kumwonyesha alivyokosea. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi miaka yote wakaanza kuangaliana kwa pembeni. Baadhi ya rafiki zake Ramadhani wakamwambia binti ndiye abadili dini, la sivyo ni aibu. Yaani wale wawili walikuwa wanavutwa kama kamba.

Ramadhani akachoka. Mchana mmoja alikuja parokiani akatukuta mimi na Padre Anselmi nyuma ya nyumba, Padre amechuchumaa anahangaika na mnyororo wa pikipiki.

"Shikamoo, Padre. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri, nishikie hapa," Padre akasema.

Ramadhani akashika. Halafu akasema bila kumwangalia, "Padre, nibatize."

"Umeamua kuwa Mkristo?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Mzee Damiani aliposema bila hivyo hanipi binti."

Padre akacheka, akafuta mikono kwa kitambaa. "Afadhali husemi uongo. Sasa tuseme nimekubatiza Jumapili hii. Jumatatu Veronika anabadili mawazo, anaolewa na mtu wa Tabora. Jumapili inayofuata utakuja kanisani?"

Kijana akaendelea kushika mnyororo. Mimi moyoni nilikuwa naomba aseme ndiyo, yaishe, tupumzike wote.

"Hapana, Padre," akasema.

"Utakwenda wapi?"

"Nitakwenda msikitini. Nitamlilia Mungu."

"Basi wewe ni wa huko unakomlilia," Padre akamwambia. "Mimi sibatizi mtu aje kwa Veronika. Siku utakayotaka kuja kwa Kristo, mlango huu hapa. Lakini leo rudi nyumbani. Nitamwomba Askofu ruhusa ya ndoa ya dini mbili. Veronika abaki Mkatoliki, wewe ubaki Mwislamu, na asiwepo wa kumdanganya Mungu."

Ramadhani alisimama pale, mikono imejaa grisi, machozi yakamtoka. Nilidhani ni ya huzuni. Baadaye aliniambia hapana, yalikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Nani wa kwenda kumweleza Mzee Damiani? Padre akawasha pikipiki akaenda vigangoni. Kazi ya katekista ndiyo hiyo, wajukuu zangu, mjue mapema.

Nilimkuta anapaka viatu vyake rangi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Mwalimu. Amekubali?"

"Yeye alikubali. Padre ndiye aliyekataa."

Brashi ikasimama hewani. "Padre gani anakataa kubatiza! Tangu nizaliwe sijasikia!"

Nikamweleza yote, swali na jibu. Kisha nikamwambia, "Mzee, huyu kijana angeweza kutudanganya akapata mke siku hiyohiyo. Akashindwa. Mtu anayeogopa kumwongopea Mungu, mkeo wa kumwongopea atamtoa wapi?"

"Si mkeo. Mkewe," akanisahihisha.

"Ndiyo, mkewe. Umenitisha na hiyo brashi."

Alitaka kucheka akajizuia. Akakipiga kiatu brashi mara mbili. "Maneno yako ni matamu, Mwalimu. Lakini mimi ndiye ninayesimama mbele ya Wakristo kila Jumapili. Nitawaambia nini? Kama Askofu akikubali, waoane. Sitamlaani mtoto wangu. Lakini msinitafute kanisani siku hiyo."

Nikaenda kwa Bi Mwajuma. Huko nilikwenda na Padre, kwa sababu kuna neno lililopaswa kusemwa wazi. Ndoa hizi zina ahadi. Yule Mkatoliki anaahidi kushika imani yake, na kufanya yote anayoweza ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake haahidi hilo, lakini lazima aijue ahadi hiyo kabla ya siku ya ndoa. Nimeona makatekista wakiipitisha haraka haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepitisha gunia la magendo. Msifanye hivyo. Isemeni mchana, mbele ya wanaohusika.

Bi Mwajuma alikuwa amemwita Shehe Omari, mzee aliyestaafu reli, aliyewahi kufanya kazi kwenye genge la Mzee Damiani. Tulipewa chai na mihogo. Veronika akaisema ahadi yake mwenyewe.

Bi Mwajuma alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wajukuu zangu watakuwa wenu," akasema.

Pale ningeweza kusema maneno laini. Nilitamani sana. Nikasema, "Mama, Veronika atajitahidi wawe Wakatoliki. Hatukufichi. Lakini hakuna anayeweza kuwafanya wasiwe wajukuu zako."

Akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Ramadhani akainuka kwenye kiti akakaa chini karibu na miguu ya mama yake.

"Mama, ukisema hapana, sitaoa," akasema. "Lakini nikioa, nataka niwe nimeyajua yote kama ulivyoyasikia. Veronika hakunificha kitu."

Mama akamgeukia Shehe Omari. Mzee akatafuna muhogo wake taratibu, akaumeza. "Mwanamume wetu kumwoa mwanamke wa Kikristo, dini haimkatazi," akasema. "Habari ya watoto inanichoma mimi pia, siwezi kusema hainichomi. Padre hapa anajua. Lakini afadhali ugomvi uliowekwa mezani kuliko amani iliyofichwa uvunguni."

Padre akaitika kwa kichwa. Hawakukubaliana siku ile, wala hawakujifanya wamekubaliana. Bi Mwajuma akafuta macho, akamwita Veronika, akamwuliza, "Ugali wa uwele unajua kusonga?"

"Najua, mama."

"Mwanangu anapenda mgumu."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Ruhusa ya Askofu nayo ikaja baada ya muda. Ndoa ilifungwa bila Misa, kwa masomo, maagano na sala, kama inavyofaa mmoja akiwa hajabatizwa. Mjomba wa Veronika ndiye aliyemsindikiza ndani. Nafasi ya Mzee Damiani kwenye benchi la mbele ilibaki wazi, hakuna aliyethubutu kuikalia. Yeye mwenyewe alikuwa ameshuka kwenye njia ya reli kukagua mataruma, siku ambayo hakuwa na zamu. Mbuzi wa sherehe walichinjwa na Shehe Omari ili kila mtu ale, na akanituma nihakikishe pombe imewekwa upande wa mbali na pilau. Nilikimbia huku na huko na gauni langu jipya mpaka pindo likafumuka. Bibi harusi mwenyewe alilishona palepale, na shela kichwani, maana sindano haikumtoka mfukoni hata siku ile.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa kike. Veronika akaja kuuliza jina. Nikamwambia, angalia jina ambalo nyumba zote mbili zitaliita bila kujing'ata ulimi. Akabatizwa Maria. Bi Mwajuma akamwita Mariamu, na wote walikuwa sahihi. Siku ya ubatizo bibi mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto kutoka nyumbani, amejifunga mtandio wake mweupe, mpaka kwenye ngazi za kanisa. Akanikabidhi.

"Nimemfikisha hapa, Mwalimu," akasema. "Zaidi ya hapa miguu yangu inakataa."

Nikamwambia, "Hapa panatosha, mama." Nawaambieni, nimebeba watoto wengi kuwapeleka kwenye kisima cha ubatizo, lakini yule nilimbeba kama nimebeba sahani iliyojaa maji.

Mzee Damiani alikuja kwenye ubatizo. Akampokea mjukuu wake, akamwangalia sana. Lakini hakumsalimia mkwe wake.

Miaka ikapita hivyo. Ramadhani akimwona mzee njiani anasimama pembeni, anainamisha kichwa, "Shikamoo, baba." Mzee anaitikia puani na kupita. Kisha reli ikaanza kupunguza watu. Genge zima likavunjwa, na Mzee Damiani akaambiwa apumzike, yeye ambaye hakujua kupumzika ni kitu gani. Watoto wake wa kiume walishakwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Haukupita muda, kiharusi kikampiga. Upande mmoja ukafa, na ile sauti ya kushindana na injini ikawa kama ya mtu anayeongea na tonge mdomoni. Aliona aibu, akaacha kuongea kabisa.

Mkewe alikuwa mtu mdogo, hakuweza kumwinua. Veronika alikuwa mjamzito. Siku moja niliwapelekea maziwa, nikawakuta wanawake wawili wanahangaika, mzee ameteleza kutoka kitandani yuko sakafuni. Ramadhani amesimama nje ya mlango, haingii. Mnajua mila zetu. Mkwe hamsogelei baba mkwe ovyo, sembuse kumshika mwili wake, sembuse mwili wenyewe ukiwa hauna nguo ya maana.

Nikatoka nje nikamwambia, "Ingia."

"Mwalimu, ni mkwe wangu. Nitamvunjia heshima."

"Yuko chini kwenye udongo. Heshima gani imebaki ya kuvunja?"

Akavua viatu, akaingia. Mzee alipomwona akatikisa kichwa, akajitahidi kusema. Maneno yakatoka kwa shida: "Mkwe... hashikwi."

Ramadhani akapiga magoti. "Baba, fumba macho," akamwambia. "Na mimi nitafumba. Tusionane."

Na kweli akafumba macho, akapitisha mikono chini ya yule mzee mzito, akamwinua kwa kupapasa, akakosea akamgonga ukutani kidogo, akaomba radhi, akamlaza kitandani. Mama Veronika alikuwa analia na kucheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Tangu siku ile alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mashine. Alimwogesha, alimnyoa ndevu. Baadaye wakaacha kufumba macho. Kisha akaokota vyuma, magurudumu ya baiskeli mbovu na kiti cha mbao, akamchomelea mzee kigari cha kusukuma. Niliogopa nikikumbuka ule mguu wa cherehani, lakini safari hii hakuna kilichokatika. Jumapili iliyofuata, kengele ya kwanza ilipolia, tukamwona Mzee Damiani anakuja kanisani, shati jeupe limepigwa pasi, anasukumwa na mkwe wake kwenye mchanga ule wa Itigi ambao hata baiskeli tupu unaikaba.

Ramadhani alimfikisha mlangoni, vijana wakampokea wakampeleka mbele. Yeye akakaa kwenye kibaraza cha ofisi ya parokia, akangoja mpaka Misa iishe. Jumapili iliyofuata tena. Na iliyofuata. Masika na kiangazi. Baadhi yetu tulianza kupanga saa kwa kigari kile. Wapo waliomcheka sokoni, "Shemeji, umeshakuwa mzee wa kanisa?" Alijibu, "Mimi ni dereva."

Ikaja Ramadhani, mwezi wa mfungo, nao uliangukia kwenye jua kali. Nilidhani tutapumzika kumwona. Akaja. Midomo imekauka, jasho linamtoka, anasukuma. Padre Anselmi alihubiri kirefu siku ile. Tulipofika kwenye maombi ya waamini, mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Nikamwombea Baba Mtakatifu, nikawaombea viongozi, nikaombea mvua. Nilipotaka kumpisha Padre afunge, nikasikia sauti kutoka benchi la mbele. Nzito, ya kukokota. Kanisa zima likageuka, maana wengi hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu.

"Kwa ajili ya... mkwe wangu Ramadhani," Mzee Damiani akasema. Akapumzika. Tukangoja. "Yuko nje. Amefunga. Mungu... ampe maji... ya kunywa jioni. Na... ampe mtoto wa kumbeba... kama anavyonibeba."

Akakazana akamalizia, "Ee Bwana."

Hatukuweza kuitikia pamoja. Kila mtu aliitikia kwa wakati wake, "Twakuomba utusikie," kama matone ya mvua yanavyoanza kwenye bati. Mimi sikuitikia kabisa. Nilikuwa nimeshika kile kitabu, herufi zote zimelowana.

Misa ilipoisha nilitoka wa kwanza. Ramadhani akasimama haraka. "Mwalimu, nimesikia jina langu huko ndani. Nimekosa nini?"

Nikamwambia lilivyosemwa, neno kwa neno. Alichuchumaa akaanza kukaza nati ya gurudumu kwa vidole, nati ambayo haikuwa imelegea.

Vijana wakamtoa mzee nje wakamkalisha kwenye kigari. Jua lilikuwa utosini. Kutoka upande wa sokoni adhana ya adhuhuri ikaanza. Ramadhani akashika mikono ya kigari aelekee nyumbani, kama siku zote, amfikishe mzee kwanza ndipo akimbilie swala.

Mzee Damiani akainua ule mkono wake mzima, akaonyesha upande wa msikitini.

"Pitia huko," akasema. "Ukaswali. Mimi... nitakungoja nje."

Niliwafuata kwa mbali, siwafichi, nilitaka kuona. Nikamwona mwenyekiti wetu wa walei wa zamani kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, rozari imezunguka vidole, na Shehe Omari anamtandikia mkeka chini ya miguu ili mchanga usimwunguze. Nikarudi nyumbani nikamshukuru Mungu kwa kuniita kwenye kazi hii. Hata leo namshukuru.